Namba imeshuka, sawa, ila mgonjwa anaendeleaje?

Miaka ya themanini kule Marekani, mtu akishapona shambulio la moyo afu ECG, kipimo cha umeme wa moyo, ikaonyesha mapigo yake yanaruka-ruka, daktari hakuwa na haja ya kufikiria sana. Ilishajulikana kwamba wenye mapigo ya hivyo wanakufa ghafla kuliko wenzao, na dawa za kuyatuliza zilikuwepo, enkainidi na flekainidi, na zilikuwa zinatuliza kweli, unaweka karatasi ya ECG ya kabla na ya baada unaona tofauti kwa macho yako mwenyewe. Basi zikaandikwa kwa watu wengi sana. Watafiti walipotaka zipimwe vizuri dhidi ya plasebo, yani kidonge kisicho na dawa ndani, wapo madaktari walioona huo ni ukatili, utamnyimaje mgonjwa kitu ambacho kila mtu anaona kinafanya kazi?

Utafiti ukafanyika hivyo hivyo, unaitwa CAST. Na angalia walivyoupanga: kwanza mgonjwa alipewa dawa ili ionekane kama mapigo yake yanatulia, na walioingia kwenye ulinganisho ni wale ambao dawa ilishaonekana kuwatuliza. Hapo ndo wakagawanywa kwa bahati nasibu, huyu aendelee na dawa, huyu apewe plasebo. Mwaka 1989 upande wa dawa hizo mbili ukasimamishwa kabla ya muda wake. Katika watu 755 waliokuwa kwenye dawa walikufa 63, katika 743 wa plasebo walikufa 26. Na walifuatiliwa kwa wastani wa miezi 10 tu. Mapigo yalikuwa yametulia, na watu walikuwa wanakufa kwa kasi ya zaidi ya mara mbili.

Stori hii ina zaidi ya miaka 30 na madaktari wa moyo wanaijua, ila kinachoniuma ni kwamba habari za tafiti za afya tunazoletewa kila wiki bado zimejaa kosa lile lile. Dawa imeshusha hiki, imepandisha kile, imesafisha ubongo, imesinyaza uvimbe, kipimo kipya kinaona ugonjwa mapema kuliko zamani. Hizo zote ni namba za njiani. Mtu haendi hospitali kwa sababu ya kiwango fulani kwenye karatasi ya maabara, anaenda kwa sababu anataka kuishi, kuona, kutembea, kulala usiku bila kubanwa pumzi, kukumbuka majina ya watoto wake. Namba tunaijali kwa sababu tunaamini itatufikisha huko, na imani hiyo yenyewe ndo inatakiwa ipimwe, kila dawa kivyake, kabla hatujaanza kushangilia. Msimamo wangu ni huo na najua wapo wanaosema kudai hivyo ni kuwacheleweshea dawa watu wanaoteseka, hoja ambayo siipuuzi hata kidogo, nitaifikia.

Kwanza tuelewe namba inadanganyaje, maana siyo uchawi. Kuna wakati namba inaongozana tu na ugonjwa bila kuusababisha. HDL, ile inayoitwa kolesteroli nzuri, ndo mfano mkubwa. Tafiti za miaka mingi zilionyesha wenye HDL ya juu wanapata magonjwa ya moyo kidogo, kwa hiyo kampuni ya Pfizer ikaja na dawa ya kuipandisha, torsetrapibu, ikapimwa kwa watu 15,067 ambao wote walikuwa tayari wanatumia statini, dawa za kushusha kolesteroli. HDL ikapanda kwa asilimia 72, kolesteroli mbaya ikashuka kwa asilimia 25 juu ya pale statini ilipoishia, namba ambazo daktari yeyote angezitamani kwa mgonjwa wake. Desemba 2006 utafiti ukasimamishwa ghafla. Hesabu ya mwisho ilikuwa vifo 93 upande wa dawa na 59 upande wa statini peke yake. Afu mwaka 2012 wanasayansi wa jeni wakaangalia watu waliozaliwa na mabadiliko ya jeni yanayowapa HDL ya juu maisha yao yote, wakakuta hawana nafuu yoyote kwenye mashambulio ya moyo. Kumbe kuipandisha HDL ilikuwa kama kusukuma mshale wa geji ya mafuta kwa kidole, mshale unapanda na tenki liko vile vile.

Ila hapo bado hujaeleza kwa nini watu walikufa zaidi, maana mshale peke yake hauui. Hapa ndo inakuja sababu nyingine, kwamba dawa haifanyi kazi moja tu mwilini. Torsetrapibu ilikuwa inapandisha presha na kuchokoza homoni inayoshikilia chumvi mwilini. Flekainidi inatuliza yale mapigo madogo ya kuruka-ruka, lakini kwenye moyo wenye kovu la shambulio inaweza kuamsha mapigo mengine mabaya zaidi, yale yanayoua ndani ya dakika chache. Namba uliyochagua kuiangalia inakuonyesha kazi moja ya dawa, mwili unazipokea zote.

Na siyo kila namba ni ya uongo, tusije tukaharibu kila kitu. Kolesteroli mbaya, LDL, ilipitishwa kwenye mtihani huo huo ikafaulu: mwaka 1994 utafiti wa 4S wa nchi za Skandinavia, watu 4,444 wenye ugonjwa wa moyo, vifo vilikuwa 256 kwenye plasebo na 182 kwenye statini, na jeni zinasema kitu kile kile, wanaozaliwa na LDL ya chini wanapata mshtuko wa moyo kidogo. Kwa hiyo ukiona daktari anahangaika na LDL yako ujue nyuma yake kuna watu waliohesabiwa mmoja mmoja. HDL haina hicho kitu.

Mfano unaonigusa kuliko yote hauna dawa mpya wala kampuni ndani yake. Mtoto analetwa ana homa kali, amelegea, mikono na miguu ya baridi, mapigo yanatafutwa kwa shida. Mhudumu anabonyeza kucha ya kidole chake mpaka inakuwa nyeupe, anaachia, anahesabu sekunde mpaka rangi irudi. Rangi ikichelewa maana yake damu haifiki pembeni, na mafundisho yalikuwa wazi kabisa, mwekee dripu ya haraka, maji mengi ndani ya saa moja. Mantiki yake haikuwa na shida, damu haizunguki vizuri kwa hiyo ongeza ujazo, na kubwa zaidi ni kwamba ukifanya hivyo mtoto anaonekana kurudi, mapigo yanajaa, vidole vinapata joto, mama anaona, nesi anaona, daktari anaona. Nani angeuliza tena?

Timu ya watafiti iliyoongozwa na daktari wa watoto Kathryn Maitland iliuliza. Kuanzia 2009 hadi 2011, kwenye hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania, watoto 3,141 wenye hali hiyo, zaidi ya nusu yao wana malaria, waligawanywa kwa nasibu: wengine maji ya haraka ya chumvi, wengine maji ya haraka yenye albumini, protini ya damu, wengine dripu ya taratibu ya kawaida bila yale maji ya haraka. Watoto wa kuharisha hawakuwemo, na hilo nalisisitiza kabisa, mtoto aliyekaukiwa maji kwa kuharisha habari yake ni tofauti na maji anayahitaji. Huu ndo utafiti wa FEAST. Ndani ya saa 48 walikufa asilimia 10.6 ya waliopewa albumini, asilimia 10.5 ya waliopewa maji ya chumvi, na asilimia 7.3 ya wale ambao hawakupewa maji ya haraka. Yani katika kila watoto 100, matibabu tuliyoyaamini yalikuwa yanaondoka na watatu zaidi.

Sasa sikiliza sehemu ambayo haizungumzwi sana. Uchambuzi wa baadaye wa data zile zile, uliotoka 2013, ulirudi kwenye zile dalili za kitandani, kucha, mapigo, baridi ya mikono. Saa moja baada ya kuanza, hali ya mzunguko wa damu ilikuwa imetengemaa kwa asilimia 43 ya waliopewa maji ya haraka na asilimia 32 ya wasiopewa. Maji yalifanya kazi! Kila aliyesimama pembeni ya kitanda aliona sawa, hakuota. Na bado watoto hao ndo waliokufa zaidi, na wengi hawakufa kwa maji kujaa mapafuni kama wengi walivyodhani mwanzoni, walikufa kwa moyo na mzunguko wa damu kuanguka saa kadhaa mbele. Mimi hii nikiifikiria naona ndo jibu kwa kila mtu anayesema "lakini nimeona kwa macho yangu inafanya kazi". Jicho linaona saa ya kwanza. Inahitaji watoto elfu tatu na mtu wa kuhesabu kwa uaminifu ili uione saa ya arobaini.

Kwenye kisukari hadithi ni ndefu na ina mwisho mzuri, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo. Sukari kuwa juu inaharibu mishipa, hilo halina ubishi. Ikaonekana basi ukiishusha mpaka iwe kama ya mtu asiye na ugonjwa utawaokoa watu wengi. Utafiti wa ACCORD ukachukua watu 10,251 wenye kisukari aina ya pili na hatari kubwa ya magonjwa ya moyo, nusu sukari yao ikakimbizwa chini kwa nguvu zote, nusu ikashushwa kwa kiasi. Kipimo cha sukari ya miezi mitatu, HbA1c, kilifika 6.4 kwa kundi la kwanza na 7.5 kwa la pili. Mwaka 2008 kundi la kwanza likasimamishwa, vifo vilikuwa 257 dhidi ya 203. Hiyo haimaanishi mtu mwenye kisukari aache dawa zake, tafadhali sana, sukari ikiachiwa inaharibu macho na figo na hata kuua. Inamaanisha kuikimbiza namba mpaka chini kabisa kwa mtu mzima mwenye moyo mgonjwa kuna gharama yake, na gharama hiyo haionekani kwenye HbA1c.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, 2007, ilikuwa imelipuka habari ya Avandia, dawa iliyoshusha sukari vizuri tu na kuuzwa sana, uchambuzi wa pamoja wa tafiti nyingi ukaonyesha inahusishwa na ongezeko la asilimia 43 la mashambulio ya moyo, na wasomi wakabishana miaka juu yake. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ikatoa mwongozo Desemba 2008: kuanzia hapo dawa mpya ya kisukari aina ya pili ilitakiwa ionyeshe kwamba haiongezi hatari kwa moyo. Makampuni yakalalamika kwamba tafiti hizo ni za maelfu ya watu na miaka mingi na hela nyingi, na malalamiko hayo yalikuwa ya kweli.

Na kilichotoka humo ndo sababu mimi siamini kabisa kwamba kudai ushahidi mgumu ni kuwaonea wagonjwa. Mwaka 2015 matokeo ya Jardiance, moja ya dawa hizo mpya za kisukari, yakatoka, watu 7,020 wenye kisukari na ugonjwa wa moyo, wamefuatiliwa kama miaka mitatu. Utafiti uliopangwa kuthibitisha kwamba dawa haina madhara kwa moyo ukaonyesha kwamba inaokoa, vifo vya sababu zote vilikuwa asilimia 8.3 kwenye plasebo na 5.7 kwenye dawa, na kulazwa kwa moyo kushindwa kufanya kazi kukapungua kwa zaidi ya theluthi. Tofauti ya sukari kati ya makundi mawili? Ndogo. Ungeipima dawa hiyo kwa sukari peke yake ungesema ni ya kawaida tu, dawa ya kujazia orodha. Miaka minne baadaye dada yake, dapaglifozini, ikapimwa kwa watu 4,744 wenye moyo dhaifu, wakiwemo wengi ambao hawana kisukari kabisa, na nao wakapata nafuu. Dunia ilipata dawa ya moyo na figo kwa sababu mtu alilazimishwa kuangalia mbali kuliko namba aliyokuwa ameizoea. Kwa hiyo namba ya njiani ina makosa ya aina mbili, inaweza kukuficha madhara na inaweza kukuficha faida, na hili la pili watu hawalisemi.

Haya, ile hoja ya kuchelewesha. Njia ya FDA ya kuidhinisha dawa haraka kwa kutegemea namba za njiani iliwekwa rasmi mwaka 1992, na iliwekwa kwa sababu watu walikuwa wanakufa kwa UKIMWI na hawakuwa na miaka mitano ya kusubiri. Nani atawaambia wasubiri? Mimi siwezi. Ila hata hapo tuangalie kilichotokea. Namba ya kwanza iliyotegemewa ilikuwa CD4, zile chembe za kinga. Utafiti wa Concorde wa Uingereza, Ireland na Ufaransa uliwapa dawa ya AZT watu wenye VVU wasio na dalili, wengine mapema wengine baadaye, watu 1,749, na CD4 za walioanza mapema zilikuwa juu muda wote, ila baada ya miaka mitatu waliokuwa hai walikuwa asilimia 92 kwa walioanza mapema na 94 kwa waliosubiri. CD4 zimepanda, maisha hayakurefuka. Kumbuka hiyo ilikuwa dawa moja peke yake, zama zile, siyo mchanganyiko wa ARV wa sa hivi ambao kuuanza mapema kumeshathibitishwa kunaokoa. Wingi wa virusi kwenye damu ndo ukaja kuwa kipimo kinachoaminika, na umeaminika kwa sababu ulipimwa tena na tena dhidi ya vifo na dhidi ya maambukizi, mpaka kwenye tafiti za PARTNER ambako wapenzi mmoja ana VVU na virusi vyake vimefubazwa na mwenzake hana, hakuna hata ambukizo moja lililopita kati yao. Hiyo ndo namba ya njiani iliyoipata heshima yake kihalali.

Kwa hiyo sipingi njia ya haraka. Ninachopinga ni njia ya haraka isiyo na marejeo. Ahadi ilikuwa kwamba dawa inaingia sasa hivi na utafiti wa kuthibitisha unafuata, ukishindwa dawa inatoka. Kwenye saratani, uchambuzi uliotoka 2024 uliangalia idhini za haraka za Marekani za miaka ya 2013 hadi 2017 zilizokwisha pita miaka mitano, zilikuwa 46, na zilizokuja kuthibitishwa kwamba zinawasaidia wagonjwa kuishi zaidi au kuishi vizuri zaidi ni asilimia 43. Kwa zilizobaki mtu anaweza kuwa amekaa anachomwa sindano, anatapika, nywele zinatoka, familia inauza vitu, kwa ajili ya uvimbe kusinyaa au kuchelewa kukua kwenye picha. Dawa ya Avastin kwa saratani ya matiti ndo kisa cha wazi: iliidhinishwa Februari 2008 kwa sababu ilichelewesha ugonjwa kusonga mbele, kutoka miezi 5.9 kwenda 11.8, tafiti zilizofuata nafuu hiyo ikasinyaa na kuishi hakukurefuka, Novemba 2011 idhini kwa saratani hiyo ikafutwa. Wagonjwa walienda kwenye vikao kuitetea na mimi naelewa kabisa kwa nini, mtu anayeumwa anashika alichonacho mkononi. Lakini lawama ni ya waliompa matumaini ya namba bila kumwambia kwamba ni ya namba. Mwisho wa 2022 sheria ya Marekani iliipa FDA nguvu ya kudai utafiti wa kuthibitisha uwe umeshaanza kabla ya kutoa idhini ya haraka, hatua nzuri ambayo ilitakiwa iwe imechukuliwa miaka 20 nyuma.

Na ona Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu. Dawa ya Aduhelm iliidhinishwa Juni 2021 kwa sababu inaondoa amiloidi, yale mabonge ya protini kwenye ubongo, wakati jopo la washauri lilikuwa limeshaikataa, washauri watatu wakajiuzulu, bei ya kuanzia ilikuwa dola 56,000 kwa mwaka, na 2024 kampuni yenyewe ikaiacha. Leqembi iliyokuja baadaye angalau ilipimwa kwa kitu ambacho familia inakiona, kumbukumbu na uwezo wa kujihudumia, kwa watu 1,795 kwa miezi 18. Vichwa vya habari vikasema imepunguza kasi ya ugonjwa kwa asilimia 27. Asilimia hiyo ni kweli, na kwenye mizani yenyewe ya kupimia ugonjwa, ambayo ina pointi 18, tofauti ni pointi 0.45, huku mtu mmoja katika wanane akipata uvimbe wa ubongo unaoonekana kwenye MRI, ingawa wengi hawakuhisi kitu. Mgonjwa akiambiwa yote hayo afu akasema naitaka, ni haki yake. Akiambiwa asilimia 27 na "ubongo unasafishwa" hajaambiwa kitu.

Nimeacha suala la kugundua ugonjwa mapema mpaka mwisho kwa sababu ndo linalokataliwa zaidi nikiligusa. Kugundua mapema nako ni namba ya njiani. Hatutaki kujua mapema kwa ajili ya kujua, tunataka kutokufa. Korea Kusini walianza kupima watu shingoni kwa altrasaundi, na ilipofika 2011 wanaogunduliwa saratani ya tezi ya thairoidi walikuwa mara 15 ya mwaka 1993, zaidi ya watu 40,000 ndani ya mwaka mmoja. Vifo vya saratani hiyo havikubadilika, na karibu wote waliogunduliwa walifanyiwa upasuaji, wengi wakabaki kutegemea vidonge vya homoni maisha yao yote. Ukihesabu asilimia ya wanaoishi miaka mitano baada ya kugunduliwa utapata namba ya kupendeza sana, kwa sababu umejaza humo watu ambao ugonjwa wao usingewafanya kitu.

Wapo watakaosema thairoidi ni saratani ya polepole, haifai kuwa mfano. Haya, chukua saratani ya ovari, ambayo ni mbaya na inagunduliwa ikiwa imeshachelewa karibu kila mahali. Uingereza walifanya utafiti unaoitwa UKCTOCS, wanawake 202,638, wengine wakipimwa kila mwaka kwa damu na altrasaundi, wengine kwa altrasaundi tu, wengine hawapimwi, wakafuatiliwa zaidi ya miaka 16. Kwenye kundi la damu saratani za hatua ya kwanza zilizogunduliwa ziliongezeka kwa asilimia 47 na za hatua ya nne zikapungua kwa asilimia 24.5. Hicho ndo kitu kila mtu anakiomba, kuzikamata mapema. Matokeo ya vifo yalipotoka 2021, waliokufa kwa ugonjwa huo walikuwa asilimia 0.6 kwa waliopimwa kwa damu, 0.6 kwa waliopimwa kwa altrasaundi, na 0.6 kwa wasiopimwa. Inauma kuisoma hiyo, wanawake laki mbili na miaka yote hiyo. Lakini wale watafiti wangeishia kwenye hatua za ugonjwa, leo kila mwanamke angekuwa anapimwa kila mwaka na baadhi yao wangekuwa wanatolewa ovari zisizo na kitu.

Ndo maana naangalia kwa makini hivi vipimo vipya vya damu vinavyotafuta saratani nyingi kwa mpigo mmoja. Sayansi yake inavutia, vinasoma vipande vya DNA ya uvimbe vinavyoelea kwenye damu. Katika utafiti wa PATHFINDER wa kipimo cha Galleri, watu 6,621, kipimo kiliwaka kwa 92, na kati ya hao 35 walikutwa na saratani kweli na 57 hawakuwa nayo. Huko Uingereza zaidi ya watu 140,000 wameingizwa kwenye utafiti mkubwa wa kipimo hicho, wa kugawanywa kwa nasibu kama inavyotakiwa, na kwa hilo nawapongeza. Ila lengo kuu waliloliweka ni kupungua kwa saratani zinazogunduliwa hatua ya tatu na ya nne. Kwenye ovari hatua ya nne ilipungua kwa karibu robo na makaburi yakabaki idadi ile ile, kwa hiyo matokeo ya lengo hilo yawe mazuri au mabaya hayatoshi kumwambia mtu mzima akatoe damu kila mwaka. Hao watu 140,000 wafuatiliwe mpaka vifo vihesabiwe, hata kama itachukua miaka kumi mingine.